Gofu lina sheria, kijiji kina nini?

Ukitoka Bagamoyo mjini kuelekea kusini, mwendo wa kilomita kama 5, unafika kwenye magofu ya Kaole. Kuna uzio, kuna mahali pa kukatia tiketi, kuna makumbusho madogo yenye vipande vya vyungu na vya kauri ya Kichina. Misikiti ni miwili, na mkongwe wao unakadiriwa kuwa wa karne ya 13. Kuna na makaburi, mengine yenye minara ya mawe, na ipo sheria inayokataza mtu kubomoa, kuchimba au kuchukua chochote. Ukimaliza kutazama, toka nje ya uzio utembee kidogo. Utakuta nyumba za fito na udongo, minazi, mikorosho, visima, vijia vya kwendea pwani, na mibuyu ambayo wazee wana habari zake. Huko hakuna tiketi. Na sheria ile ya mambo ya kale, kwa sehemu kubwa, huko haifiki.

Nimekulia upande huo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba katika kijiji kimoja cha pwani hiyo, na kutoka shambani kwake hadi baharini kulikuwa na njia ya miguu iliyopita kando ya kisima cha maji baridi. Njia hiyo haikuwa ya bibi wala ya mtu yeyote. Walipita wavuvi waliokwenda kutega madema, walipita wanawake waliokwenda kutanda uduvi maji yakitoka, na sisi watoto tulipita kwa sababu zetu. Leo njia imekatika. Katikati yake pana ukuta na geti, na kisima kimebaki upande wa ndani. Aliyejenga hakumpora mtu. Alinunua kwa fedha yake, mashahidi wakatia saini, dalali akachukua chake. Kilichouzwa kilikuwa shamba la familia. Kilichokwenda pamoja nalo kilikuwa cha kijiji kizima, na hakuna aliyeliona hilo mpaka ukuta ulipofika kiunoni.

Kwa muda mrefu nilidhani kisa hiki ni cha tamaa tu: mji umekuja, fedha imeingia, watu wameuza. Nilipoanza kusoma sheria na kuuliza watu wa ardhi, nikaona mambo ni magumu zaidi ya hapo, na pia yana matumaini zaidi. Sheria ya kuilinda njia ya bibi ilikuwepo tangu zamani. Ila haikuwa ile ambayo wote tuliitegemea.

Mwaka unaogawa vitu

Tuanze na sheria tuliyoitegemea. Sheria ya Mambo ya Kale, Na. 10 ya 1964, huhesabu kwa miaka. Jengo lililojengwa kwa mikono ya watu kabla ya 1863 linalindwa. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 nao umo. Kilichojengwa baadaye hulindwa pale tu Waziri mwenye dhamana anapokitangaza. Kwa hiyo Boma la Wajerumani pale Bagamoyo, lililojengwa 1897, haliwezi kujitetea kwa umri wake peke yake, linahitaji tangazo. Na hata tangazo lenyewe halizuii mvua. Sehemu ya Boma iliwahi kuporomoka pamoja na hadhi yake yote.

Sasa chukua nyumba ya kijijini ukaipime kwa kipimo hicho. Nyumba ya fito hukandikwa upya kila udongo unapobanduka, makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na fito zilizoliwa na mchwa hung'olewa zikawekwa nyingine. Nyumba yenyewe inaweza kuwa na miaka kumi. Namna ya kuijenga, kuanzia baraza la mbele, ukumbi wa katikati, vyumba huku na huku hadi ua wa nyuma, ina umri ambao hakuna anayeukumbuka. Sheria inaona ile miaka kumi. Kisima je? Kama kilichimbwa na mababu ila kila kizazi kikakijengea upya mdomo wake, utathibitishaje mwaka? Na njia ya miguu haikujengwa na mtu, imekanyagwa tu.

Si kosa la walioandika sheria. Walikuwa na kazi ya kuokoa magofu yaliyokuwa yakibomolewa mawe na kuporwa vyombo. Uchimbaji wa kitaalamu pale Kaole ulifanywa na Neville Chittick mwaka 1958, na bila ulinzi uliofuata pengine tusingekuwa na la kuonyesha. Ninachosema ni kwamba sheria hiyo inalinda vitu, na kijiji si kitu. Kijiji ni jinsi vitu vinavyoshikana: kisima na njia, njia na pwani, pwani na mikoko, mikoko na paa la nyumba.

Kuna jambo jingine linaloniuma hapa, nalo ni la nani hukumbukwa. Kila mgeni anayefika Bagamoyo huonyeshwa mahali mwili wa David Livingstone ulipolazwa usiku mmoja, Februari 1874, kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868. Ni habari ya kweli na inastahili kuelezwa. Afadhali siku hizi wanatajwa pia Susi na Chuma, walioongoza safari ya kuubeba mwili huo kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, mpaka baharini. Lakini misafara iliyofika Bagamoyo na pembe na watumwa ilikula, ilikunywa maji, ilingoja vyombo. Nani aliilisha? Walikuwa watu wa vijiji vya kando: Washomvi na chumvi na samaki wao, Wazaramo, Wakwere na Wadoe na nafaka zao. Historia yao haina jiwe la kuwekewa kibao. Ipo kwenye majina ya mahali, kwenye koo, kwenye mashamba, kwenye mti ambao mtu hakati tawi lake bila kuuliza. Ardhi ikihama mkono, historia ya namna hiyo huondoka kimyakimya, kwa sababu haikuwa na pengine pa kukaa.

Miti iliyoifunga bandari

Watu wengi hutenga mambo haya mawili: historia kwa watu wa makumbusho, mazingira kwa watu wa misitu. Kaole yenyewe inakataa utengano huo. Ilikuwa bandari. Mchanga na tope vilijaa, mikoko ikaota juu yake, vyombo vikashindwa kukaribia, na biashara ikahamia kaskazini, huko tunakokuita Bagamoyo leo. Yaani mji wa Bagamoyo, na jina lake lote la kubwaga moyo, kwa kiasi fulani ni matokeo ya tabia ya mikoko. Ukisimama leo kwenye magofu ukatazama upande wa bahari, unachokiona kwanza ni kijani cha mikoko. Maji yako nyuma yake.

Wazee wa pwani hawakusema "mikoko" wakaishia hapo. Mlilana ndio unaosimama mbele kabisa, unapigwa na mawimbi, na mbao yake mafundi wa vyombo huijua. Mkoko wenyewe hufuata, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, na mizizi hiyo ndiyo inayokamata tope na kuwaficha kamba na samaki wachanga. Mkandaa hukaa nyuma zaidi. Mchu huvumilia chumvi nyingi, unaweza kuuona hata kwenye ukingo wa nchi kavu. Mkomafi una tunda zito la mviringo kama mpira. Mtoto aliyekulia huko hujua mti upi uko wapi kama anavyojua vyumba vya kwao.

Ukitaka kuona jinsi miti hii ilivyoingia ndani ya historia, nenda kwenye nyumba yoyote kongwe ya mawe pale Bagamoyo mjini, tazama dari. Boriti ni za mikandaa na mikoko. Mti huo haurefuki sana ukiwa bado na unene unaofaa, kwa hiyo chumba cha nyumba ya Kiswahili ni kirefu lakini chembamba, upana wake kama meta mbili na nusu au tatu. Upana wa chumba ni urefu wa boriti. Miaka mingi kabla ya msanifu yeyote kuchora, msitu ulishaamua chumba kiweje.

Na ukuta je? Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Ukuta wa namna hiyo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Fundi anayekuja kuukarabati kwa saruji, kwa nia njema kabisa, anauziba. Maji na chumvi hubaki ndani, plasta inavimba, jiwe linaoza nyuma ya sura nzuri. Nimeona nyumba zikizeeka haraka baada ya "kutengenezwa" kuliko zilivyozeeka kwa kuachwa. Kuokoa nyumba hizo kunataka mtu anayejua kuchoma na kuroweka chokaa, na mtu anayejua boriti, na boriti inataka msitu ulio hai. Ukiua kimoja, kingine kinabaki picha.

Kwa upande wa sheria, mikoko ya nchi hii ni msitu wa hifadhi wa serikali; kuikata bila kibali ni kosa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, nayo inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa, na miradi mikubwa inatakiwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haijaanza. Hayo ni mazuri. Lakini meta 60 zinapimwa kutoka majini kuja nchi kavu. Hazisemi lolote kuhusu mtu wa kijijini atapita wapi kuzifikia. Pwani inaweza kuwa wazi kabisa kisheria na bado isifikike, kwa kuwa kila shamba linalopakana nayo limezungushiwa ukuta.

Daftari la kijiji

Hapa sasa ndipo kwenye jibu, na linapatikana kwenye sheria ambayo wengi huihusisha na migogoro ya mashamba tu. Ardhi ya Tanzania imegawanywa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi, na ardhi ya kijiji. Fungu la tatu lina sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001. Chini ya sheria hiyo halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini, mtu aliyeshikishwa mali ya wengine. Maamuzi makubwa hurudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ana nafasi ndani yake, mwanamke kwa mwanamume.

Sheria hiyo inaigawa tena ardhi ya kijiji. Kuna ardhi inayomilikiwa na watu na familia, ambayo mtu anaweza kuiombea hatimiliki ya kimila. Kuna ardhi ya akiba, ya kugawiwa baadaye. Na kuna ardhi ya pamoja, ya matumizi ya wote, ambayo halmashauri ya kijiji inaipendekeza, mkutano mkuu unaipitisha, kisha inaandikwa kwenye rejista. Ikishaandikwa hivyo, haigawiwi mtu binafsi.

Soma tena hapo. Kisima kinaweza kuandikwa. Njia ya kwenda pwani inaweza kuandikwa, na diko la kuegeshea ngalawa, na makaburi ya zamani, na kijisitu cha tambiko, na uwanja wa ngoma. Sheria haiulizi kama kisima ni cha kabla ya 1863. Haiulizi kama ni kizuri au kama mzungu alikipita. Inauliza tu kama wanakijiji wanakitumia pamoja na kama wamekubaliana kiwe hivyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, tuliambiwa tangu utotoni, tukadhani ni maneno ya wenye maduka.

Njia ya bibi haikuandikwa. Ndiyo habari yote. Shamba lilipouzwa, karatasi ya mauzo ilitaja mipaka minne na idadi ya minazi. Njia haikutajwa kwa sababu hakuna aliyedhani njia inahitaji kutajwa, kama ambavyo mtu akiuza nyumba hataji kwamba ina hewa.

Kazi ya kuandika ina mpangilio wake, unaoitwa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, na una sheria yake ya 2007 na tume yake ya kitaifa. Mipaka ya kijiji hupimwa kwanza na cheti cha ardhi ya kijiji kutolewa. Kisha wakazi hukaa na wataalamu wa wilaya wakachora: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu wa kijiji, hapa vyanzo vya maji. Mara nyingi mchoro wa kwanza huchorwa chini, kwa fimbo na majani, na hapo ndipo wazee hung'ara, maana wao ndio wenye majina. Baadaye hutungwa sheria ndogo, zinajadiliwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria ndogo inaweza kusema nani anaruhusiwa kukata nini kwenye msitu wa kijiji, au faini ya anayejenga juu ya njia.

Mbona basi vijiji vingi havifanyi? Kwanza ni gharama: upimaji unataka wataalamu, usafiri, posho, na kijiji hungoja bajeti ya wilaya au mfadhili. Pili ni aina ya mipango inayotoka. Nimepitia ramani kadhaa za namna hii. Rangi zipo, kijani msitu, njano mashamba, kahawia makazi, lakini majina hakuna. Kijisitu cha mizimu kimekuwa "msitu". Kisima kimekuwa "chanzo cha maji". Ramani ya hivyo itamwambia afisa wa miaka ishirini ijayo kwamba kuna miti. Haitamwambia kwa nini isikatwe. Tatu, na hili tuliseme wenyewe, mikutano mikuu huitwa watu wasiende. Halafu muhtasari wa mkutano unaandikwa na wachache.

Siku kijiji kinapoitwa mji

Jambo ambalo sijaliona likielezwa vya kutosha ni kwamba mlango huu hauko wazi milele. Tazama barabara ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Mapinga, Kerege, Kiromo, Zinga: majina haya kwa watu wa umri wangu yalikuwa ya mikorosho na maembe ya kununua kando ya njia. Sasa ni ya viwanja, bikoni, mabango ya "usinunue, kuna mgogoro", na nyumba zinazopanda kila mwezi. Makazi yakishasongamana, serikali hutangaza eneo kuwa la mipangomiji. Kijiji hugeuka mtaa, au kinaingia ndani ya mji mdogo. Wakazi hufurahi, na wana haki ya kufurahi: mji unaleta maji ya bomba, umeme, hati ambayo benki inaikubali.

Lakini siku hiyo ardhi hutoka kwenye Sheria Na. 5 na kuingia kwenye Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999. Usimamizi unahamia halmashauri ya wilaya au ya mji. Mwenyekiti aliyekuwa akiongoza chombo kinachodhamini ardhi sasa anagonga muhuri barua za utambulisho. Mkutano wa wakazi unaweza kulalamika, lakini ule uwezo wa kusema "hapa ni pa wote, hapauzwi" umeondoka. Kinachobaki ni mchoro wa mipangomiji, na mchoro huchorwa kwa kutazama kilichopo kwenye kumbukumbu. Kama kuna rejista ya ardhi ya pamoja na ramani yenye majina, mpima ana cha kuheshimu: kisima kitawekewa nafasi ya wazi, njia itapewa upana wake. Kama hakuna, anaona shamba la watu na nafasi tupu, na nafasi tupu inageuka viwanja vya meta 20 kwa 30. Baada ya hapo, kurudisha njia kunataka kuomba haki ya njia ya umma, na pengine kesi, dhidi ya jirani ambaye hajafanya kosa.

Kwa hiyo wakati wa kuandika ni kabla. Barabara ya kutoka Makurunge kupitia Saadani hadi Pangani na Tanga, pamoja na daraja la mto Pangani, itafanya kwa vijiji vya kaskazini kile ambacho lami ya Dar es Salaam ilifanya kwa Mapinga. Vijiji hivyo bado vina mikutano mikuu yenye meno. Vijiji vya kusini vingi havina tena.

Na si barabara peke yake. Machi 2013 Tanzania na China zilitia saini makubaliano ya awali ya bandari kubwa huko Mbegani, na eneo la viwanda nyuma yake. Mwaka 2019 mazungumzo yalisimama. 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kuyafufua. Wachumi wana hoja zao na bandari ina faida zake. Mimi namfikiria mkazi aliyeambiwa shamba lake limo kwenye ramani ya mradi. Mnazi huchukua miaka sita au saba mpaka uzae vizuri. Apande? Paa linavuja, abadilishe makuti au angoje fidia? Hapandi, habadilishi. Kusubiri nako hubomoa, pole pole, bila tingatinga. Sheria ya uthamini ya 2016 imejaribu kuliona hili, ikasema uthamini wa fidia ulioidhinishwa haudumu zaidi ya miaka 2. Ni kinga ya fedha. Minazi ambayo haikupandwa haihesabiwi popote.

Fidia yenyewe ina mafungu yake: thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea. Mnazi una bei, mkorosho una bei. Makaburi nayo yana sheria tangu 1969, ambayo inataka zilipwe gharama za kuhamisha na hata za ibada au tambiko la kuwatuliza waliolala. Naiheshimu sana sheria hiyo kwa neno lile la mwisho; aliyeiandika alijua anaandikia watu gani. Hata hivyo kaburi linalolipwa ni lile linalojulikana. Makaburi mengi ya zamani pwani yana mashahidi wawili tu wa jiwe au mti, mmoja kichwani na mwingine miguuni, na wakishaanguka ni mzee mmoja anayejua nani yuko wapi. Ukihamisha kijiji kizima, hakuna fungu la fidia kwa ajili ya njia, kwa ajili ya ujirani, wala kwa ajili ya kujua mchu uko upande gani.

Hifadhi nayo ina makali yake, na ingekuwa si haki kulinyamazia hilo. Saadani ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ni jambo la kujivunia: tembo na bahari mahali pamoja. Lakini wakazi wa kitongoji cha Uvinje walijikuta kwenye mvutano mrefu wa mipaka na hifadhi hiyo, wakishikilia kwamba kijiji chao kilitangulia. Uzuri wa nchi unaweza kulindwa kwa namna inayomfanya aliyeishi nao awe mvamizi. Ndiyo sababu nyingine ya kupendelea daftari la kijiji: linamweka mwenyeji ndani ya kile kinacholindwa.

Mwezi uliopita nilikaa na mjomba wangu chini ya mwembe wake. Kijiji chao bado ni kijiji, na mtendaji alikuwa amewaomba wazee orodha ya maeneo ya pamoja, ipelekwe kwenye mkutano mkuu ujao. Mjomba hajui sana kuandika, hivyo akachora chini kwa kijiti, mimi nikanakili kwenye daftari la shule la mjukuu wake. Visima viwili, kimoja cha maji ya kunywa, kingine cha kufulia. Diko. Makaburi ya Mkwajuni, na mahali pa makaburi mengine ambayo hayana shahidi hata mmoja. Njia nne za kwenda pwani, kila moja na jina lake, na upana aliupima kwa kunyoosha mikono: watu wawili wenye matenga wapishane.

"Andika na ya tano," akasema. "Ile ya bibi yako."

"Ile imeshafungwa, mjomba. Ina ukuta."

"Najua ina ukuta. Nimekwambia uandike."

Nikaandika: njia ya tano, Njia ya Kisimani, kutoka kwenye mbuyu hadi baharini, imezibwa. Akaniomba nimsomee orodha yote tangu mwanzo, akasikiliza macho kayafumba, kisha akanituma kwa jirani kuuliza kama tumesahau ile ya upande wa mlilana.